Picha Isiyo na Zambarau

Mama mkwe wa Fundi aliishika kamera kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa kubeba mtoto wa watu, akakitazama kile kioo kidogo cha nyuma mpaka Kidoti akaanza kuona haya. Ndani ya kioo mlikuwa na buluu tupu. Miamba buluu, samaki buluu, mchanga buluu, na hayo matumbawe yaliyomfanya aitwe katika nyumba hii yalikaa katikati ya buluu hiyo kama nguo zilizochujia rangi kwenye beseni moja.

"Hii ni sare ya shule," alisema mama mkwe, akairudisha kamera.

Kidoti alicheka kidogo kwa adabu, ingawa alijua si mzaha. Alikuwa na miaka tisa katika kazi ya kupiga picha. Alikuwa amepiga maharusi, majeneza, vitanda vya hospitali na viatu vya dukani, na hakuna aliyewahi kumwambia kazi yake ni sare ya shule. Lakini si neno lile lililomchoma. Kilichomchoma ni Fundi, aliyekuwa amesimama kando ya tangi la samaki na taulo begani, akisikia yote, na macho yake yote yako kwenye vidole vya miguu.

Fundi alikuwa fundi wa matangi ya samaki. Alitunza tangi la kliniki ya watoto, la benki, na la ukumbi wa hoteli moja. Huko kliniki ndiko walikokutana, miezi minane iliyopita. Kidoti alikwenda kuwapiga picha wafanyakazi kwa ajili ya vitambulisho, akamkuta mwanamume mrefu ametumbukiza mkono tangini mpaka begani. Yule mwanamume akamwomba asogeze taa yake, kwamba inawatisha samaki. Kidoti akamjibu kuwa samaki wenyewe hawajalalamika. Basi ikawa ndiyo hivyo. Ikaanza chupa ya chai kwenye benchi nyuma ya kliniki kila Jumatatu, kisha siku zikaongezeka, kisha wakaacha kuzihesabu. Fundi alimweleza habari zake zote: kwamba mkewe alifariki miaka minne iliyopita, kwamba walihamia kwa mama mkwe wakati wa ugonjwa ili mgonjwa auguzwe na mamaye, na kwamba baada ya mazishi yeye na mama mkwe waliendelea kukaa pamoja kwa sababu hakuna kati yao aliyejua namna ya kumuaga mwenzake.

Jambo moja tu hakuwa amelifanya. Hakuwa amempeleka Kidoti nyumbani. Na siku alipompeleka, ile Jumatano ya picha ya buluu, alimsimamisha getini akamwambia kwa sauti ya chini, "Humu ndani wewe ni mpigapicha tu. Nivumilie."

Kidoti alivumilia. Alimwamkia mama mkwe shikamoo akiwa amepiga goti nusu, akafungua mikoba yake ya kazi, na alipokuwa akifunga kamera kwenye miguu yake mitatu, akasikia jambo ambalo Fundi hakuwa amemweleza vizuri. Magoti ya mama mkwe yalikuwa yamezikataa ngazi za nyumba ile. Mwanawe mkubwa, aliyeishi mji wa mbali, mwendo wa kutwa nzima kwa gari, alikuwa amemwandalia chumba cha chini. Safari ni Jumamosi. Hayo Kidoti aliyajua. Asilolijua ni kwamba mama mkwe alipoisimulia safari hiyo hakusema "nitafika". Alisema "tutafika". Alisema "tutapanga vyumba", na kuhusu Fundi, "shemeji yake ameshamtafutia kazi kule". Fundi alikuwa akisikiliza na taulo lake begani. Hakukubali. Hakukataa.

Tangi lenyewe lisingesafiri. Matumbawe yangehamishiwa kliniki, moja moja, kwenye ndoo. Kwa hiyo mama mkwe alitaka picha kubwa ya kutundika mbele ya kitanda chake huko aendako, na alitaka picha ya wakati mmoja mahsusi: saa kumi na moja jioni, taa nyeupe za tangi zinapozimika zenyewe na kubaki za buluu, ndipo matumbawe yanapowaka kama makaa, mengine kijani, mengine rangi ya chungwa, mengine waridi. Na katikati yao, pana kama sahani, tumbawe la zambarau. Hilo lilipandwa na marehemu mwenyewe. Alilibandika kwenye jiwe kwa gundi likiwa dogo kama ukucha, akiwa bado mzima. Katika nyumba ile halikuwa na jina lingine ila "la marehemu".

"Nataka kile ninachokiona nikikaa hapa," mama mkwe alisema siku hiyo, akipiga kofi mkono wa kiti chake. "Si zaidi, si pungufu."

Kidoti akamweleza, kwa upole, kwamba jicho ni jepesi kusamehe, buluu ikizidi linaipunguza lenyewe bila mtu kujua. Kamera haisamehe. Ikioneshwa buluu, inashika buluu. Akaahidi kurudi kesho yake na filta, kioo cha rangi kinachovalishwa mbele ya lenzi ili kuizuia hiyo buluu, rangi nyingine zipate kupita.

Jioni ile nyumbani, shangazi yake aliyemlea tangu akiwa na miaka sita alimwona usoni kuwa kuna jambo, akamhoji mpaka akalitoa. Shangazi alikuwa akikunja nguo. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Mwanamume aliyefiwa na mke akabaki kwa mkwe," alisema, "huyo bado ni mume wa mtu. Sina neno naye. Ila sikutoi nyumba hii uende ukawe mgeni kwenye ndoa ya marehemu."

Alhamisi Kidoti alifika mapema, na filta ya rangi ya chungwa iliyokolea mfukoni. Mapazia yakafungwa. Taa za chumba zikazimwa ili kioo kisirudishe sura za watu. Fundi akakifuta kioo cha tangi nje na ndani, kisha akazima pampu, maji yakatulia, na matawi ya matumbawe yaliyokuwa yakiyumba yakasimama wima. Kidoti akasogeza kamera mpaka lenzi ikakitazama kioo uso kwa uso, bila kuinama huku wala huku, akaivalisha filta, akachungulia.

Hakuwahi kuona kitu kama kile. Buluu yote ilikuwa imeondoka kama pazia lililovutwa, na nyuma yake rangi zilikuwa zinawaka, kijani kikali, chungwa, waridi, kila kidole cha tumbawe na moto wake. Alimwita Fundi aje achungulie. Fundi akainama, bega lake likagusa lake, na alipotaka kuishika kamera isitikisike, mkono wake ukatua juu ya mkono wa Kidoti. Ungeweza kuondoka. Haukuondoka. Wakatazamana katika ule mwanga, nyuso zao buluu, macho yao yakisema yale ambayo kwa siku mbili midomo ilikatazwa, na Kidoti akabonyeza kitufe akiwa hatazami kamera.

Nyuma yao kiti cha mama mkwe kililia.

Kidoti aliondoa mkono, akaihamishia picha kwenye kompyuta ili ionekane kubwa, akamwekea mama mkwe mapajani. Na kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile, akamwona yule mama anatabasamu. Kidole chake kilipita juu ya kijani, kikapita juu ya chungwa, akawa anayataja kwa mpangilio yalivyopandwa, hili lilikuja mwaka ule, hili lilitaka kufa likapona. Kidole kikafika katikati. Kikasimama.

"Hapa pamekuwaje?"

Hapo katikati palikuwa na doa jeusi, pana kama sahani.

Kidoti aliinama karibu na skrini. Hakuwa ameliona. Katika miaka tisa ya kazi hakuwahi kubonyeza kitufe bila kukagua pembe zote za picha, na leo alikuwa amebonyeza akitazama macho ya mtu. Akajitahidi kueleza. Matumbawe mengine, akasema, yakipigwa na buluu yanatoa mwanga wao wenyewe, ndiyo maana filta haiyagusi. La zambarau halitoi mwanga wake. Linarudisha tu ile buluu na urujuani linaoupokea, na filta hii inazuia huo huo, kwa hiyo linabaki bila kitu cha kuonekana nacho.

Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ili hawa wapendeze," alisema, "yeye afutike."

"Sikukusudia, Mama. Nimekosea kuchagua filta."

"Umekuja nyumbani kwangu ukamfuta mwanangu mbele ya macho yangu." Sauti yake haikupanda. Ilikuwa imechoka tu. "Na ule mkono nimeuona. Magoti ndiyo mabovu, macho bado."

Mama mkwe akamgeukia Fundi.

"Huyu ni nani?"

Kidoti hakumtazama. Aliangalia waya wa kamera mkononi mwake na kusubiri, na katika kusubiri huko alielewa kuwa alikuwa amesubiri neno hili miezi minane.

"Ni mpigapicha, Mama," Fundi alisema.

Kidoti alifunga mikoba yake. Hakuvunja kitu, hakugonga mlango. Alimuaga mama mkwe vizuri, akashuka ngazi, na Fundi akamfuata mbio mpaka kwenye kibaraza cha chini, viatu vikiwa mkononi.

"Ulitaka nimwambie nini?" Fundi alimuuliza, akihema. "Keshokutwa anahama. Amepoteza mtoto, anapoteza nyumba. Nimwongezee na hili?"

"Sikutaka umwongezee. Nilitaka usinipunguze."

"Kidoti."

"Unakwenda Jumamosi au unabaki?"

Fundi alifungua mdomo. Gari lilipita barabarani, likaenda zake, na jibu lilikuwa bado halijatoka.

"Umenijibu," alisema Kidoti, akaondoka.

Usiku wa siku ile hatuna haja ya kuusimulia. Aliyewahi kupenda anaujua, na asiyewahi asiombe. Asubuhi aliamka na macho mazito, akamwambia shangazi kwamba yamekwisha, na shangazi, ambaye ungetegemea afurahi, alimsogezea tu kikombe cha chai na kumshika kichwa.

Lakini kitu kimoja kilikataa kwisha. Kila alipofumba macho, Kidoti hakumwona Fundi. Alikiona kidole cha mama mkwe kimesimama juu ya lile doa jeusi. Mapenzi ni mapenzi, ila kazi aliiharibu yeye mwenyewe, na hakuna mtu mwingine wa kuitengeneza. Akatoa sanduku lake la filta, akazipanga mezani mbele ya dirisha. Ya chungwa iliyokolea akaiweka kando. Akachukua ya manjano, nyepesi, inayopunguza buluu bila kuifukuza yote. Peke yake isingetosha. Ingetaka na taa nyeupe ya tangi iwashwe kidogo, kwa kipimo, ili zambarau ipate mwanga wa kujionesha. Na mwenye kuzijua taa zile ni mmoja.

Ijumaa saa kumi alasiri alikuwa mlangoni. Mama mkwe ndiye aliyefungua, amejishikilia ukutani. Nyuma yake masanduku yalikuwa yamefungwa kamba, na ndoo tupu zimepangwa kandokando ya tangi zikisubiri kesho.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Ilikuwa marahaba ya kulipa deni la adabu, haina joto.

"Nimekuja kuimaliza kazi. Nikimaliza nakwenda."

Mama mkwe alimpisha. Fundi alitoka chumba cha ndani, akamwona, akasimama pale pale. Alikuwa hajanyoa. Kidoti hakumsalimia kwa jina. Alimpa maagizo kama anavyowapa mafundi wote: mapazia, taa za chumba, kioo, pampu. Fundi alitenda kila kitu. Kisha Kidoti akaivalisha lenzi filta ya manjano, akafanya jambo ambalo si kawaida ya wapigapicha. Alikisogeza kiti cha mama mkwe mpaka mbele, akaielekeza skrini ya kamera kwake, akamwambia kwamba leo hatachagua yeye.

"Utasema wewe, Mama. Ukiona ndivyo, useme."

Akamwagiza Fundi apandishe taa nyeupe. Kidogo. Kidogo tena. Kwenye skrini lile doa likaanza kuwa rangi ya moshi, kisha rangi ya mbilingani. Matumbawe mengine yakaanza kupoa, kijani kikipungua ukali, chungwa ikififia. Mama mkwe alikuwa ameinama mbele, mkono kwenye kidevu.

"Ongeza," alisema.

Fundi akaongeza.

"Umezidisha. Rudi." Akasubiri. "Rudi tena nukta. Hapo."

Kidoti alikagua pembe zote nne za picha. Akabonyeza. Akabonyeza mara nyingine mbili kwa usalama, akamwonesha.

Tumbawe la marehemu lilikuwa limekaa katikati, zambarau nzito, na kwenye ncha zake weupe mwembamba kama kucha za mtoto. Mama mkwe alipitisha kidole ukingoni mwake, kikalizunguka lote.

"Hawa wengine wamepoa," alisema hatimaye.

"Wamepoa, Mama. Siwezi kuwapata wote na mwanga wao wote kwa mpigo mmoja. Naweza kupiga picha mbili nikaziunganisha kwenye kompyuta, nikalichukua hili nikalibandika katika ile ya jana."

"Sitaki mwanangu abandikwe," alisema mama mkwe. "Hii inatosha."

Kidoti akaanza kufungua kamera. Alikuwa ameshavuta zipu ya mkoba wa kwanza Fundi aliposogea, akasimama mbele ya kiti cha mama mkwe, mikono imeshuka kama ya mshitakiwa.

"Mama, jana uliniuliza swali nikakujibu nusu," alisema. "Ni mpigapicha. Na ndiye ninayetaka kumuoa. Na kesho nitakusindikiza mpaka mlangoni kwa shemeji, nikupange chumba chako, kisha nitarudi huku."

Zipu ikakwama mkononi mwa Kidoti. Mama mkwe alimtazama Fundi muda mrefu sana.

"Washa pampu," alisema. "Samaki watakufa."

Fundi akawasha. Maji yakaanza kuzunguka, matawi yakaanza kuyumba.

"Muda gani sasa?"

"Miezi minane, Mama."

"Miezi minane unakunywa chai yangu kimya." Alitikisa kichwa. "Unadhani sikujua? Mwosha matangi hapigi shati pasi. Nilijua yuko mtu. Nikawa nangoja uniambie, kila siku nangoja, na mimi naongeza 'tutafika, tutapanga', nione utaniambia lini kwamba huendi. Jana ukamkana mtoto wa watu mbele yangu. Nikalala nikijiuliza, huyu amejifunza wapi kuogopa hivi? Kwangu?"

"Nilikuogopea wewe, Mama. Sikukuogopa."

"Sitakudanganya kwamba siumii," alisema mama mkwe. "Naumia. Mkono ule niliuona juu ya mkono wa mwingine, nikataka kupiga kelele." Akajifuta jicho moja kwa kiganja, upesi, kama anayeondoa unyoya. Kisha akamgeukia Kidoti. "Na kwenu wanasemaje?"

Kidoti angeweza kupamba. Hakupamba. Alimweleza neno kwa neno alichosema shangazi, mume wa mtu, mgeni kwenye ndoa ya marehemu, yote, na Fundi aliyekuwa hajayasikia akafumba macho.

Mama mkwe alisikiliza.

"Shangazi yako ana akili," alisema. "Hata mimi ningesema hivyo hivyo. Na ataendelea kusema hivyo hata huyu aende kuposa na wazee mia. Neno lile hakuna wa kulifuta ila mtu mmoja." Alijinyanyua kidogo kitini, akakaa vizuri. "Mamaye huyu alifariki zamani. Aliyebaki ni mimi. Kesho gari letu linaondoka saa nane mchana. Kabla ya hapo nitakwenda kwenu mwenyewe, nikae mbele ya shangazi yako, nimwambie kwa kinywa changu kwamba mwanangu nimemzika na mume wake nimemfungua."

Kidoti alikuwa amepiga magoti sakafuni bila kujua alipigaje, machozi yakimtoka, na Fundi amegeukia ukuta, mabega yanamtikisika. Mama mkwe aliwaacha kidogo walie. Kisha akaonekana anafikiri jambo, amekunja uso.

"Ila atauliza," alisema. "Nikifika nimekuja kumposea nani? Nimwambie ni mkwe wangu?"

Kidoti ndiye aliyejibu, ameushika ukingo wa kile kiti.

"Mwambie ni mwanao, Mama."

Mama mkwe alilirudia neno lile kimoyomoyo, midomo ikitembea bila sauti. Kisha akauliza shangazi huamka saa ngapi.